Risala ya Klabu ya Historia na Jiografia kwa Mgeni Rasmi, Uvinza

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mkuu wa Shule, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu,

Karibu Uvinza. Tunaomba radhi mapema: bango la sherehe yetu linasema "Mji Wetu na Reli", lakini sisi wanaklabu tutaanza na chumvi.

Mheshimiwa, mgeni anayetufahamu kwa kupita na treni hudhani reli ndiyo iliyouzaa mji huu. Reli ilitukuta. Wajerumani walianza kuijenga Dar es Salaam mwaka 1905, wakafika Tabora 1912 na Kigoma 1914. Wakati huo watu walishachemsha chumvi hapa kwa zaidi ya miaka elfu moja. Wanaakiolojia waliochimba kwenye chemchemi zetu mwaka 1967 walikuta mabaki ya kazi hiyo yanayorudi nyuma hadi karne ya 5 au ya 6.

Kazi ilikuwa ya kiangazi tu, kwa sababu masika Mto Ruchugi hufurika na kuzifunika chemchemi. Maji yakishuka, watu walikuja hata kutoka mbali, wakapiga kambi, wakachota maji ya chumvi na kuyachemsha kwenye vyungu hadi yakauke. Mtawala alichukua sehemu yake, na iliyobaki ikaenda Buha, Unyamwezi, hata ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Misafara ya Tabora na Ujiji nayo ilipita huku. Stanley, alipokuwa akimtafuta Livingstone mwaka 1871, alitozwa hongo, yaani ushuru wa kupita, hapa Uvinza na akalalamika sana. Sisi tunaona alikuwa anapita kwenye nchi ya watu.

Jiografia, Mheshimiwa, ndiyo iliyotuweka hapa. Ruchugi hushuka kutoka Buha na kuingia Malagarasi karibu nasi. Malagarasi wenyewe ni mto wa ajabu: huanzia upande wa Burundi, ukazunguka kwenye vinamasi vikubwa vya mashariki, kisha ukageuka magharibi kulifuata ziwa. Reli nayo ikalifuata bonde hilo. Ila haikuishia Ujiji, mji mkongwe wa misafara. Iliishia Kigoma, kwenye ghuba yenye kina na kinga ya mawimbi. Ujiji haijasahau.

Kiwanda cha chumvi cha Wajerumani kilikuwapo hapa hata kabla ya reli. Reli ilipofika, gunia lililobebwa kichwani likapata behewa. Behewa hizohizo zilibeba vipande vya meli iliyoungwa Kigoma na kushushwa majini mwaka 1915, ambayo leo tunaiita MV Liemba. Ndiyo kusema Liemba ilipita Uvinza ikiwa ndani ya makasha!

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, klabu yetu imeanza kukusanya vitu. Mzee mmoja mstaafu wa reli ametupa taa ya mkononi na misumari mitatu ya mataruma. Bibi wa mwenzetu ametupa chungu. Kwa sasa vinakaa chini ya meza ya mwalimu wetu, na chungu kimeshapata ufa kwa sababu ya mpira wa darasa la jirani.

Tunaomba chumba kimoja chenye kufuli, na kabati la kioo. Tunaomba pia ramani kubwa ya wilaya, maana tuliyonayo imechanika hasa pale Uvinza ilipo, kwa kuonyeshwa na vidole vingi.

Ombi la mwisho ni zito kidogo. Reli ya kisasa, SGR, inakuja Kigoma, na tawi la kwenda Musongati, Burundi, limepangwa kuanzia hapa Uvinza. Tunaifurahia. Tunaomba tu, kabla tingatinga hazijafika, wataalamu wa mambo ya kale watembee nasi hadi kwenye chemchemi na stesheni ya zamani, wapige picha, wapime, waandike. Sisi tutabeba kamba na maji ya kunywa.

Tunaomba kuwasilisha.