Tusiwapange watafiti wa fani zote kwenye orodha moja

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nimjibu msomaji mwenzangu aliyependekeza hivi karibuni kwamba watafiti wote wa vyuo vikuu na taasisi za umma nchini wapangwe kwenye orodha moja, wa kwanza hadi wa mwisho, kwa kufuata fahirisi ya h, na kwamba vyeo na fedha za utafiti vifuate orodha hiyo. Nia yake naielewa. Kodi ya mwananchi inalipa mishahara na vifaa vya maabara, kwa hiyo lazima itolewe hesabu, na yeye, kama wengi wetu, amechoshwa na vyeo vinavyotolewa kwa kujuana. Ila njia aliyoichagua itawaumiza watu wasio na kosa, na wengi wao ni hawa wanaofanya kazi huku mikoani.

Kwa wasomaji ambao hawajakutana na kipimo hicho, kilipendekezwa mwaka 2005 na mwanafizikia Jorge Hirsch wa Chuo Kikuu cha California, San Diego. Unazipanga makala za mtafiti kuanzia ile iliyorejelewa na wenzake mara nyingi zaidi, kisha unahesabu ukishuka. Pale nambari ya makala inapozidi idadi ya marejeleo yake unasimama, na nambari iliyotangulia ndiyo h. Tuchukue mtafiti mwenye makala sita zilizorejelewa mara 40, 22, 9, 5, 4 na 1. Makala yake ya nne ina marejeleo 5, inatosha. Ya tano ina 4 tu, haitoshi. Basi h yake ni 4. Mwenzake ana makala nne zilizorejelewa mara 900, 3, 2 na 1, na h yake ni 2. Huyu wa pili huenda ameandika jambo lililogeuza fani nzima, lakini kwenye orodha inayopendekezwa atakaa chini ya yule wa kwanza. Na watu wa namna hiyo wapo. Peter Higgs, aliyepata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2013 kwa kazi aliyoichapisha mwaka 1964, alichapisha makala chache sana baada ya hapo, na mwenyewe alisema hadharani kwamba kwa mambo yalivyo siku hizi asingepata kazi chuo kikuu.

Hata hivyo, kasoro hiyo ni ndogo ukiilinganisha na ile ya kuchanganya fani. Hirsch mwenyewe aliiona. Katika makala yake ya mwaka 2005, mwanafizikia aliyeongoza alikuwa Edward Witten mwenye h ya 110, na kwa upande wa sayansi za viumbe aliongoza Solomon Snyder mwenye 191, na Hirsch akaandika wazi kwamba watu wa baiolojia huwa na h kubwa kuliko wanafizikia. Anayetaka orodha moja atueleze kama anaamini kweli kwamba mwanafizikia yule alizembea.

Sababu za tofauti hiyo hazina uhusiano na bidii ya mtu. Makala ya tiba au ya baiolojia ya molekuli kwa kawaida hurejelea kazi nyingi kuliko makala ya hisabati, na kila rejeleo linaloandikwa ni alama kwa mtu fulani, kwa hiyo fani yenye orodha ndefu za marejeleo na waandishi wengi hugawa alama nyingi kwa watu wake. Kasi nayo hutofautiana. Katika tiba, makala mpya huweza kurejelewa sana ndani ya miaka miwili, ilhali katika hisabati uthibitisho mzuri unaweza kukaa miaka kumi kabla watu hawajaanza kuutumia. Na kipimo cha athari ya jarida, ambacho wengi hukichanganya na kipimo cha mtu, huangalia marejeleo ya mwaka mmoja kwa makala za miaka miwili tu iliyotangulia, kwa hiyo fani za mwendo wa polepole hupunjika. Kuna pia suala la idadi ya waandishi. Mwaka 2015 makundi mawili ya watafiti wa CERN, kituo cha Ulaya cha utafiti wa fizikia ya chembe, yalichapisha kwa pamoja makala iliyokuwa na majina zaidi ya 5,000, na katika hesabu ya kawaida kila mmoja wao huandikiwa marejeleo yote ya makala hiyo, sawa na mwanahisabati aliyeandika peke yake.

Hapa Kigoma hatuhitaji mwalimu kulielewa hilo: ukihesabu samaki kwa idadi, ndoo moja ya dagaa itamshinda kuhe mnono, yule samaki mkubwa wa ziwa letu, kila siku, na hakuna mchuuzi atakayekubali kufanya biashara kwa hesabu hiyo.

Niseme sasa juu ya kazi ninayoijua kwa karibu. Anayetafiti dagaa na migebuka wa Ziwa Tanganyika hufika mwaloni Kibirizi au Katonga alfajiri, mitumbwi ya karabai ikirejea. Huhesabu mitumbwi iliyotoka usiku ule, hupima mavuno ya baadhi yake, huchukua sampuli ya samaki na kupima urefu wa mmoja mmoja kwenye ubao wenye vipimo, huwapasua wachache kuona kama wana mayai, na hurudia zoezi hilo mwezi baada ya mwezi, akikumbuka kwamba siku za mbalamwezi kali mavuno ya taa hushuka na takwimu zake zisisomwe kama za siku za giza. Kazi hiyo huishia kwenye ripoti inayokwenda wizarani, halmashauri na kwa vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi. Tanzania iliposimamisha uvuvi ziwani kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, 2024, kwa makubaliano na nchi jirani tunazochangia ziwa hili, maelfu ya kaya zilikaa bila kipato ili samaki wazaliane. Kujua kama mapumziko yale yalisaidia kunategemea takwimu za aina hiyo, za kabla na za baada. Lakini ripoti za namna hiyo kwa kawaida hazimo katika kanzidata, yaani hifadhi za makala na marejeleo zinazotumika kukokotoa h, kama Scopus na Web of Science, kwa hiyo kwenye orodha ya mwenzetu mchango wake ni sifuri.

Mkoa wetu una upande wa pili pia. Utafiti wa sokwe wa Gombe, ulioanzishwa na Jane Goodall mwaka 1960, umezaa makala zinazorejelewa dunia nzima. Ni fahari yetu, na sina nongwa nayo. Ila takwimu za kila siku nyuma ya makala hizo zimekusanywa kwa miongo mingi na wasaidizi wa utafiti Watanzania, wengi wao wenyeji wa vijiji vya jirani, ambao mara nyingi majina yao hutajwa kwenye shukrani. Na shukrani haina alama katika fahirisi yoyote.

Wanaoandika kwa Kiswahili nao wako pabaya. Mtaalamu wa isimu au fasihi huweka kazi yake kubwa kwenye kitabu, na kanzidata hizo zimejengwa kwanza kwa ajili ya majarida, hasa ya Kiingereza. Google Scholar, mtambo wa Google wa kutafuta maandiko ya kitaaluma, hukusanya zaidi, zikiwemo tasnifu na ripoti, ndiyo maana mtu yule yule anaweza kuwa na h mbili zinazopishana sana kwa kutegemea alikotafutwa. Mwandishi wa pendekezo hakusema angetumia ipi.

Nisieleweke kwamba napinga kuhesabu. Eugene Garfield, aliyependekeza faharasa ya marejeleo mwaka 1955 na kuanza kuichapisha kwa ajili ya sayansi mwaka 1964, aliwapa watafiti chombo kizuri cha kufuatilia wazo moja lilivyopita kutoka makala hadi makala. Hesabu ya haki pia ipo. Unachukua makala ya mtu na kuilinganisha na wastani wa makala za fani ile ile, za mwaka ule ule na za aina ile ile. Tuseme, kwa mfano tu, makala za uvuvi za mwaka fulani zimerejelewa kwa wastani mara 6 na ya mtafiti wetu mara 9: uwiano wake ni 1.5, yaani yuko juu ya wastani wa dunia katika fani yake. Mwenzake wa saratani amerejelewa mara 24 katika fani ambayo wastani ni 30: uwiano wake ni 0.8. Kwa hesabu ghafi, wa saratani angemzidi mwenzake karibu mara tatu.

Hata uwiano huo una mitego. Makala moja iliyorejelewa kupita kiasi huvuta wastani wote, ndiyo maana wataalamu wa Chuo Kikuu cha Leiden, Uholanzi, hupenda kuangalia ni sehemu gani ya makala za chuo imo katika asilimia 10 ya zinazorejelewa zaidi kwenye fani yake. Kwa mtu mmoja mwenye makala nane au kumi, takwimu hizo huyumba mno, na kamati haina budi kuzisoma makala zenyewe. Tamko la San Francisco la mwaka 2012 kuhusu upimaji wa utafiti liliwataka waajiri na watoa fedha wasitumie kipimo cha jarida kumpima mtu, na Ilani ya Leiden ya mwaka 2015 ikasema takwimu zisaidie uamuzi wa wataalamu, zisichukue nafasi yao. Najua hoja ya kujuana itarudi hapa, kwamba wataalamu hupendeleana. Ni kweli hupendeleana, lakini pia hurejeleana kwa makubaliano, na mtu hujirejelea mwenyewe; nambari haikwepi ugonjwa huo, inauficha tu.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni dogo. Siku gazeti litakapochapisha orodha yoyote ya watafiti bora, kila jina liandikwe pamoja na fani yake, mwaka alioanza kuchapisha, kanzidata iliyotumika na wastani wa fani hiyo. Mwaka wa kuanza ni muhimu kwa sababu h haishuki kamwe, hata mtu akistaafu, na kijana wa miaka mitano kazini hawezi kuifikia ya mzee wa miaka thelathini. Na kwa wale wenye kazi za kuhudumia sera, iongezwe safu ya ripoti na mahali zilipotumika.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mtafiti wa uvuvi,
Ujiji, Kigoma