Kumbe anaitwa Ilisante

Moshi, Majengo
Jumapili jioni, 24 Mei

Mpendwa Rehema,

Salamu nyingi kutoka huku kwa wenye mlima wasiouona. Wiki ya pili hii kilele cha Kibo hakijatoa uso, ni mawingu na manyunyu tu, nguo za wateja hazikauki. Natumai Ivan na baba yake hawajambo, na miguu ya mama imepata nafuu. Sisi wazima. Najua unashangaa kupata karatasi badala ya simu. Sauti nilikutumia, ya dakika 7, ukanijibu kidole gumba. Kidole gumba, Rehema! Basi nimeandika, maana hata hivyo kuna kitu lazima ukione kwa macho yako: ndani ya bahasha kuna karatasi 3 nilizochana kwenye daftari la mwanangu Eli. Usizifungue kwanza. Nisikilize.

Wiki mbili zilizopita nilikuwa nashona zile sare za kwaya (nitakusimulia, hela yenyewe mpaka leo hawajamaliza), Eli amekaa pembeni ananisomea kitabu chake cha shule. Anatiririka kama redio. Mbuzi wa bibi anakula majani, mbuzi wa bibi hivi, mbuzi wa bibi vile. Mimi huku nakanyaga cherehani nimefurahi. Nilipogeuka kuchukua mkasi nikaona kurasa mbili zimegandana, amefungua pa kuku. Nikasimamisha cherehani. "Eli, mbuzi yuko wapi hapo?" Akaangalia picha, akaona kuku, akarekebisha palepale bila hata kumeza mate: "Kuku wa bibi anakula majani." Mbuzi katoka, kuku kaingia, majani yaleyale.

Nikafunika picha kwa kiganja. Kimya. Mtoto wa Darasa la Pili, Rehema, hajui neno hata moja.

Sitakuficha, nilimfokea. Baada ya hapo usiku mzima sikulala. Baba Eli anasema nisiwe na wasiwasi, hata yeye alichelewa kusoma, nione alivyo sasa. Ndicho kinachonitisha. Bibi yake kule Kibosho anasema mtoto alitembea mapema mno, akili ikaenda miguuni. Macho na masikio nimempeleka hospitali ya KCMC, kote salama. Shuleni wako 90 na kitu darasa moja, mwalimu simlaumu, anaandika ubaoni darasa linaitikia kwa pamoja, naye Eli anafungua mdomo na wenzake. Nani atamsikia? Tuisheni nimempeleka kwa yule kijana wa nyuma ya kanisa, 1,000 kwa siku, akarudi anaimba ba be bi bo bu, ka ke ki ko ku, vizuri kabisa. Nikamwandikia "bo" peke yake. Unajua alifanya nini? Akaanza "ba" kwa kidole cha kwanza, "be" kidole cha pili, mpaka akafika "bo". Anahesabu! Nikimwandikia "bo" na "ko" pamoja jasho linamtoka.

Sasa fungua karatasi ya kwanza. Mwalimu aliwaambia waandike sentensi kuhusu chakula wanachopenda. Eli ameandika: "Meme napanda ndeze." Kapigwa kosa jekundu karatasi nzima. Mimi mwenyewe niliiangalia nikasema huyu kweli mzito. Ila kabla sijaitupa nikamwuliza, baba, hapa umeandika nini? Akanisomea kwa kidole, bila kusita: "Mimi napenda ndizi."

Sikuelewa. Nikamwambia soma tena. Mimi napenda ndizi. Nikamwonyesha ile e ya "meme", hii inaitwaje? "Ii." Na hii a ya "napanda"? "Ei."

Rehema, nilikaa chini. Mtoto hajakosea! Ameandika sawasawa kabisa, ila kwa majina ya Kiingereza aliyofundishwa chekechea. E kwake inaitwa ii, kwa hiyo kila anaposikia i anaandika e. Sauti ya e haina herufi kichwani mwake, iliyo karibu ni ei, anaweka a. Ndiyo maana embe anasoma "imbi". Na huyu ndiye niliyempandisha kwenye kiti Krismasi ile pale kwa mama, akaimba ei, bii, sii, dii mpaka mwisho, Mama Doreen akamtuza 2,000, mimi nimevimba kama andazi. Halafu yale mambo ya karo unayajua, tukamhamishia shule ya serikali, na hakuna aliyemwambia kwamba huku herufi zinasema kitu kingine. Sisi tulidhani amekuja anajua tayari, tena kawatangulia wenzake.

Bado linaniuma hilo, nitalirudia.

Nilianzia kwenye jina lake, maana jina lake anaandika bila kosa, amelikariri kama picha. Nikamwuliza herufi ya kwanza inaitwaje. Ii. "Basi wewe unaitwa Ilisante?" Alicheka mpaka akajikojolea kidogo, usimwambie nimekwambia. Tangu siku hiyo e ni "e ya Elisante". I ikawa ya Ivan, kwa hiyo mwanao yumo darasani kwetu. A tukaipa asali.

Majina ya herufi nimeyapiga marufuku nyumbani, tunasema sauti tu. Maana ukiita m "em" na a "ei", ukaziunganisha unapata "emei", haiwezi kuwa "ma" hata mkeshe. Tukaanza na zile zinazovutika ukazibana mdomoni: mmmm, ssss, nnnn, llll. Mmmm halafu a bila kupumua katikati, mmmma. S ni pasi ya mkaa ikigusa kitambaa kibichi. Z ni cherehani yangu. Wateja wanaingia wananikuta navuma na mtoto kama nyuki, mmoja aliuliza kama nimeokoka kanisa jipya. Lakini k na t na p zinanitesa. Kila nikitaka kuitamka k peke yake inatoka na u kwa nyuma, basi "kaka" kwake ikawa "kuakua". Nyie walimu mnafanyaje?

Vizibo vya soda nimeomba kwa Mangi wa dukani, nikaandika silabi juu kwa maka peni, moja moja, tukavichanganya ndani ya kopo. Hapo ndipo ule wimbo wa ba be bi ulipovunjika. Anatoa "si", anatoa "ma", anatoa "mu", hakuna wa kumtangulia. Akipata vya kujenga neno anakula karanga. Dakika 10 tu baada ya chai ya jioni, maana siku nilipong'ang'ania nusu saa tulimaliza wote wawili tukilia. Asubuhi simgusi.

Juzi tumesimama kituoni pale Mbuyuni, daladala imejaa mbele yetu, Eli akaitazama kioo cha mbele, midomo inacheza. "Ssso... we... to." Soweto! Nilipiga kelele watu wakageuka. Gari likaondoka bila sisi, na wala sisi hatukuwa tunakwenda Soweto. Kesho yake shuleni akaitwa mbele kusoma, akawa bubu. Amerudi anasema tumbo linamuuma. Kwa hiyo usidhani nimemaliza, mwenzio ndiyo kwanza niko mlangoni.

Karatasi ya pili ni imla niliyompa mimi Jumatano. Angalia mimi, sisi, meza, lima, zote amepata, e na i zimekaa mahali pake isipokuwa pale chini alipochoka. Ya tatu ni ya jana, na hiyo ndiyo imenifanya nikuandikie. Tulijaribu mb na nd. Tangu tuanze sauti moja moja, kila anapokutana na konsonanti mbili anachomeka irabu katikati: "mubuzi", "nidizi". Na b na d zinageuziana mgongo, mbuzi amekuwa mduzi. Nikamtajia ng'ombe, akaniuliza ile koma juu ni ya nini. Nikamwambia ni pembe ya ng'ombe. Sikuwa na jibu lingine.

Nirudi kwenye lile. Unadhani nimemharibu? Ninapomwona anaitafuta e kichwani, naiona kabisa ile ii inakuja mbio kwanza, anaifukuza, ndipo e inatoka. Kazi hiyo nimempa mimi, kwa sifa zangu za mbele ya wageni. Kuna usiku nawaza... basi.

Sasa shida yangu. Shule zinafunga mwanzoni mwa Juni. Naomba umpokee Eli hata wiki 2. Anakula chochote isipokuwa bamia, na analala popote. Kama haiwezekani, basi niazime lile boksi la kadi ulilorudi nalo kwenye semina ya KKK, kusoma, kuandika na kuhesabu, ya 2015. Najua lipo, niliona Ivan anajengea nyumba kadi zako. Kitenge chako nakimalizia wiki hii, naapa, safari hii kweli.

Na unijibu, si kwa kidole gumba: nisubiri e na i zikae sawa kabisa ndipo niingie mb na nd, au twende navyo vyote? K naitamkaje? Hiyo b na d ni ya kunikosesha usingizi au watoto wote hupitia? Nimwambie mwalimu wake habari ya ei na ii, au ataona najifanya najua kuliko yeye? Ungekuwa wewe ungependa mzazi aje kukwambia? Mwisho wa mwaka kuna upimaji wa KKK, ataweza kweli? Kiingereza akianza tena nimwambieje, e imegeuka tena? Na uamue ugomvi wa hapa nyumbani: tunapiga makofi kuhesabu silabi, Baba Eli anasema "mbu" ni kofi moja, mimi nasema mawili, m-bu. Nani mjinga?



Msalimie Baba Ivan, na mama mwambie shikamoo.

Ni mimi,
Vero

Bahasha anakuletea yule mdogo wake Shirima wa Coaster ya asubuhi, atakupigia akifika stendi. Hela yake nimeshampa huku, akikudai usimpe.