Aliyesimama Ndiye Aliyeonekana

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi. Nimefurahi mno kusikia kwamba umepata kamera, na umeniuliza uanzie wapi. Mambo ya mwanga na lenzi nitayagusa, lakini kabla hujapiga picha yako ya kwanza, itafute hii moja uitazame.

Louis Daguerre, Mfaransa aliyekuwa miongoni mwa wavumbuzi wa upigaji picha, aliipiga mjini Paris mwaka 1838, akiwa dirishani juu ya barabara ya Boulevard du Temple. Barabara hiyo ilikuwa na pilikapilika za watu na magari ya farasi, ila pichani ni tupu. Bamba lake la shaba lililopakwa fedha lilihitaji kupigwa na mwanga kwa dakika kadhaa, kwa hiyo waliokuwa wakitembea walipita bila kuacha alama. Amebaki mtu mmoja pembeni, aliyesimama aking'arishiwa viatu, na umbo hafifu la anayeving'arisha. Wengi huwahesabu hao kuwa binadamu wa kwanza kuonekana katika picha. Hakuna kilichoghushiwa pale, na bado mtaa mzima umefutika! Ndiyo maana sikubali watu wanaposema kamera haidanganyi. Inasema kweli, lakini kweli ya kipande tu.

Kamera yako inaweza kufunguka na kujifunga kwa sehemu ya 1/500 ya sekunde, na mtembea kwa miguu atatoka vizuri. Mwanga utaupima kwa upana wa tundu la lenzi, muda unaoliacha wazi, na kiwango cha ISO, yaani wepesi wa kamera kuuhisi mwanga. Ukilipanua tundu, vya nyuma vitafifia. Ukiongeza muda, kinachosogea kitavutika. Hayo utayazoea upesi. Kinachochukua miaka ni kujua usimame wapi, maana hatua moja tu kando yaweza kumtoa mtu pichani, na sasa anayemtoa ni wewe.

Frederick Douglass alilielewa hili mapema kuliko wengi. Alizaliwa mtumwa Marekani, akatoroka, akawa mpiganaji mkubwa wa kukomesha utumwa. Wakati huo magazeti yaliwachora watu weusi kama vikatuni vya kuchekesha. Yeye akakaa mbele ya kamera mara kwa mara, amevaa nadhifu, uso thabiti bila tabasamu, hata zimebaki picha zake zaidi ya 160. Ni Wamarekani wachache sana wa karne ya 19 waliopigwa picha kiasi hicho. Aliamua mwenyewe aonekaneje, na mimi naona hiyo ni haki kubwa kama haki ya kusema.

Lakini wapo wasiopata nafasi ya kuamua. Mwaka 1904, Kongo ikiwa chini ya Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji, mmisionari Mwingereza Alice Seeley Harris alimpiga picha baba mmoja, Nsala, ameketi akitazama mkono na mguu wa binti yake mdogo aliyeuawa kwa sababu ya mpira, ule utomvu wa mimea ambao wenyeji walilazimishwa kuukusanya. Picha za namna hiyo zilionyeshwa kwenye mikutano Uingereza na kwingineko, zikawatikisa watu, na mwaka 1908 Leopold akanyang'anywa Kongo. Ushahidi ule ulihitajika, sina shaka. Hata hivyo kila niionapo, najiuliza Nsala mwenyewe alibaki na nini baada ya kamera kuondoka.

Kwa hiyo nakuomba, rafiki yangu: omba ruhusa, na usiione kuwa adabu ya ziada. Mwonyeshe mtu picha yake papo hapo. Akisema ifute, ifute mbele yake, hata kama ni nzuri kupita zote ulizopiga. Kwa watoto, wagonjwa na wafiwa, kuwa mwangalifu mara mbili, kwa sababu picha ikishatoka mikononi mwako huwezi kuirudisha.

Ukishaanza, nitumie picha zako, pamoja na zile utakazotaka kuzificha. Nataka kuona jicho lako linaelekea wapi, ndipo tuzungumze habari za lenzi.

Nisalimie wote nyumbani.

Ni mimi rafiki yako akupendaye.