Barua kwa Mwanaidi kuhusu mkono wa Mzee

Morogoro,
14 Juni

Shoga yangu Mwanaidi,

Salaam nyingi. Sisi hatujambo, watoto wanaendelea na shule, na mimi bado niko kwenye kile kitengo cha mazoezi ya wagonjwa wa kiharusi.

Nimeyasoma maelezo yako kuhusu Mzee na mkono wake tangu apate kiharusi, nikayarudia. Unasema kikombe anakiona, hata rangi yake anakutajia, lakini akinyoosha mkono unatua pembeni, unapapasa meza mpaka ukigonge kikombe ndipo anakishika. Na ukimwambia ajishike pua, haikosi. Hapo kwenye pua umenisaidia sana kuliko unavyodhani. Mkono unaofika puani bila kuyumba si mkono mbovu. Sasa wewe unaniambia nyumbani wamegawanyika, hawa wanataka anunuliwe miwani mipya, hawa wanasema anadeka ili alishwe. Kwa jinsi ulivyoeleza, nadhani wote wamekosea.

Macho yakishaona kitu, habari hupokelewa huku nyuma, kisogoni. Kutoka hapo zinachukua njia mbili. Nyingine zinashuka kuelekea pande za masikio, na huko ndiko mtu anapotambua kuwa hiki ni kikombe na yule ni Mwanaidi. Nyingine zinapanda kuelekea utosini, huko zinapimwa ziko upande gani na umbali gani, kisha mkono unaelekezwa. Kiharusi kikipiga hapo kati ya kisogo na utosi, mtu anabaki anaona vizuri na ana nguvu zake, lakini mkono haupati maelekezo kutoka machoni. Madaktari wanaita ataksia optika.

Si jambo jipya. Mwaka 1909 daktari wa Budapest, Rezső Bálint, alimweleza mgonjwa wake ambaye ubongo ulikuwa umeharibika sehemu hiyo pande zote mbili. Akikata nyama, uma ameushika mkono wa kushoto, kisu cha mkono wa kulia kinaitafuta nyama nje ya sahani! Akiwasha sigara, moto anaupeleka katikati badala ya nchani. Lakini aliposhika viungo vya mwili wake mwenyewe kwa mkono ule ule, macho yamefumbwa, hakukosea. Ndiyo maana nimekwama kwenye pua ya Mzee.

Kuna na kinyume chake, na hiki ndicho kinachonishangaza mpaka leo. Mwanamke mmoja wa Uskoti alivuta hewa ya sumu ya kaboni monoksaidi mwaka 1988. Watafiti Melvyn Goodale na David Milner walimwonyesha kibao chenye upenyo kama wa sanduku la posta. Alipoulizwa upenyo umelala au umesimama, hakuweza kusema. Akapewa kadi aitumbukize, mkono ukaigeuza sawasawa ikaingia. Yeye mkono unajua asichokijua mwenyewe. Mzee anajua asichokijua mkono. Siku hizi watafiti wanabishana kama njia hizo mbili zimetengana kiasi hicho, na mimi naona wana hoja, maana ubongo hauna kuta. Lakini kwa kazi ya kumlisha mtu chai, mgawanyo huo unanitosha.

Fanya jaribio hili. Kaa mbele yake, mwambie akutazame puani asihamishe macho. Shika kalamu upande wa kulia, aichukue kwa mkono wa kulia, kisha wa kushoto. Hamia upande wa kushoto, rudia. Halafu mruhusu aitazame kalamu yenyewe. Wengi wa namna hii hukosa zaidi kitu kinapokuwa pembeni ya macho, na wakikitazama moja kwa moja wanapata nafuu kubwa. Andika mkono gani ulikosa na upande gani, maana ubongo ukiumia upande mmoja shida huwa zaidi upande wa pili. Ila kwanza muulize kalamu anaiona. Kiharusi kinaweza pia kufuta nusu nzima ya uoni, na hilo ni jambo jingine. Na mkono ukitetemeka zaidi kadiri unavyokaribia kitu, hata macho yakiwa yamefumbwa, hapo tunafikiria ubongo mdogo wa nyuma.

Nyumbani, msimharakishe. Kuna wagonjwa waliochunguzwa ambao, wakionyeshwa kitu kisha wakangoja kama sekunde 5 bila kukiona, walikifikia vizuri kuliko walipoambiwa wanyooshe papo hapo. Sisi wazima tukingoja hivyo tunaharibu. Inaelekea kumbukumbu inapita njia ile iliyosalimika. Sisemi Mzee anywe chai amefumba macho, nasema kumpigia kelele za "haraka, kipo hapo hapo!" kunamwongezea tabu. Ageuze kichwa, akitazame kikombe, mkono uteleze juu ya meza mpaka ukiguse. Kikombe kikae mahali pale pale kila siku, kizito chenye mshikio mkubwa, chai iwe vuguvugu. Jiko na kisu asiachiwe kwa sasa, na kwenye ngazi awe na mtu, kwa sababu mguu nao huongozwa na macho.

Kuna wanaopata nafuu kubwa miezi ya mwanzo, hasa upande mmoja tu ukiwa umeumia. Presha yake ndiyo msiichezee, dawa anywe hata siku anayojisikia mzima. Na kama shida hii ingekuwa imemjia polepole bila kiharusi, ningewaambia mwende haraka kwa daktari wa mishipa ya fahamu, kwani kuna aina ya Alzheimer, ule ugonjwa wa kusahau, inayoanzia kisogoni.

Mkirudi kliniki chukueni zile picha za ubongo za CT, muulize wazi kama sehemu ya juu nyuma imeguswa, na mwombe rufaa ya tiba kazi, yaani kufundishwa upya shughuli za kila siku kama kula na kuvaa, si mazoezi ya kunyanyua mkono peke yake. Jumamosi jioni nipigie ukiwa umekaa naye. Nataka nimsikie mwenyewe akinieleza mkono unamfanyia nini.

Msalimie Mama na wadogo zako.

Ni mimi shoga yako,
Rehema