Barua ya wazi kwa Waziri wa Biashara na Uchukuzi: taarifa ya mzigo iandikwe mara moja

Mheshimiwa Waziri,

Pokea salamu na heshima zangu. Ninakuandikia hadharani kwa sababu jambo lenyewe si langu peke yangu. Linamgusa kila anayengoja mzigo, tangu mwenye kiwanda anayesubiri kipuri hadi mgonjwa anayesubiri dawa.

Mimi ni wakala wa forodha. Kwa zaidi ya miaka ishirini kazi yangu imekuwa kutoa mizigo bandarini. Nimesikia kwamba wizara yako inaandaa mfumo mpya wa kidijitali wa kusimamia mnyororo wa ugavi, yaani safari yote ya bidhaa tangu inakozalishwa hadi kwa mtumiaji, na habari hiyo imenifurahisha kweli. Imenitia hofu pia, maana nimeshuhudia mifumo mitatu ikizinduliwa katika maisha yangu ya kazi, na kila mmoja ulituongezea mahali pengine pa kuandika mambo yale yale.

Naomba nianze na kontena moja.

Lilikuwa kontena la baridi, limebeba dawa zinazotakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8 za Selsiasi. Ndani yake mpakiaji alikuwa ameweka kifaa cha kupima joto, kidogo kama kiberiti, kinachorekodi joto saa zote za safari. Meli ilifika siku yake. Mzigo haukutoka siku yake. Hati halisi ya shehena, ile karatasi ambayo anayeishika ndiye mwenye haki ya kudai mzigo, ilikuwa bado njiani ndani ya bahasha, ingawa picha yake nilikuwa nayo kwenye simu tangu wiki iliyotangulia. Bahasha ilipofika, ikaonekana uzito uliomo kwenye tamko la forodha haulingani na ule wa kwenye hati. Tarakimu mbili zilikuwa zimebadilishana nafasi. Aliyezibadilisha hakuwa mwizi. Alikuwa karani aliyechoka, akinakili kutoka skrini moja kwenda nyingine taarifa ambazo mpakiaji, wakala wa meli na mimi tulikuwa tumeshaziandika.

Siku tisa. Katikati ya siku hizo, usiku mmoja, umeme wa upande ule wa yadi ulikatika na hakuna aliyejua. Tulipofungua mlango, taa ya kile kifaa ilikuwa inawaka nyekundu. Kifaa kilijua tangu usiku ule ule. Kilikuwa kimeandika saa na dakika joto lilipovuka kiwango, ila hakikuwa na njia ya kumwambia mtu yeyote. Dawa zikateketezwa.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi madaftari tunayo, tena mengi mno. Mali ile ilipotea na habari zake zote zikiwapo, zimekaa kila moja kwenye kisanduku chake. Ndiyo maana ninakuomba, Mheshimiwa, kabla ya kununua mashine hata moja, uamue jambo hili: taarifa ya mzigo iandikwe mara moja tu, na yule anayeijua kwa macho yake, wengine wote waisome pale pale, na aliyeiandika abaki na haki juu yake. Mfumo usiotimiza hayo utakuwa karatasi iliyopigwa picha.

Hili haliwezekani bila sheria. Kompyuta haiwezi kuipa hati nguvu ambayo mahakama haiitambui. Umoja wa Mataifa, kupitia tume yake ya sheria ya biashara ya kimataifa, ulitoa sheria ya mfano kuhusu hati za kielektroniki zinazohamishika, yaani zinazoweza kupokezanwa na kumpa haki anayezishika kama karatasi, mwaka 2017. Uingereza, ambayo sheria zake hutumika katika mikataba mingi ya usafirishaji wa baharini, ilitunga yake mwaka 2023 ikaanza kutumika Septemba 20 mwaka huo. Kampuni kubwa za meli za makontena zenyewe zimeahidi kuachana na hati za shehena za karatasi ifikapo 2030. Muswada wa namna hiyo haugharimu hata sehemu ndogo ya bei ya seva. Ungepita kabla ya meli iliyoleta kontena lile kutia nanga, bahasha ile isingekuwa na sababu ya kusafiri.

Watakuja kwako watu na jukwaa moja kubwa la kidijitali, na watakuambia kila mtu aingie humo. Wasikilize, kisha uwaulize kuhusu TradeLens. Maersk, kampuni kubwa ya meli, na IBM, kampuni ya kompyuta, walilianzisha jukwaa hilo mwaka 2018 kwa teknolojia ya blokuchaini, yaani daftari la kidijitali linalotunzwa na wengi kwa pamoja, na kiufundi lilifanya kazi. Novemba 2022 walitangaza kulifunga, wakisema ushirikiano wa sekta nzima haukupatikana. Mimi naona sababu iko wazi kwa yeyote aliyefanya biashara: nani atakubali kuweka siri za wateja wake kwenye kabati la mshindani wake? Serikali haina haja ya kumiliki kabati. Iweke lugha ya pamoja, yaani jina moja la kila kitu na muundo mmoja wa taarifa, kisha kila mwenye mfumo wake azungumze na mwenzake. Utambulisho wa bidhaa kwa msimbopau, ile mistari myeusi kwenye pakiti, umeenea dunia nzima kwa njia hiyo hiyo tangu pakiti ya kwanza isomwe dukani mwaka 1974: tulikubaliana namba, hatukulazimishwa wote kutumia mashine moja.

Sasa niseme juu ya mkia wa mnyororo, yaani wale wa mbali ambako bidhaa huanzia, kwa sababu huko ndiko unakokatika.

Baada ya tetemeko na tsunami ya Machi 11, 2011, Toyota iligundua kwamba inawafahamu vizuri wanaoiuzia vipuri, lakini haiwafahamu wanaowauzia hao. Ikaanza kuchora ramani ya mnyororo wake, ngazi baada ya ngazi, na kuwataka wauzaji wa vipuri nyeti waweke akiba ghalani. Uhaba wa chipu za kompyuta ulipoikumba dunia mwanzoni mwa 2021, ilihimili kwa miezi mingi kuliko washindani wake kabla nayo haijapunguza uzalishaji. Zingatia kwamba ramani peke yake isingetosha. Ramani iliwaonyesha mahali pa kuweka akiba, na akiba ndiyo iliyowavusha. Atakayekuambia kwamba data itaondoa haja ya ghala, usimsadiki.

Na kutoona mkia si hasara ya fedha tu. Aprili 24, 2013 jengo la Rana Plaza liliporomoka Bangladesh na kuua watu zaidi ya 1,100, wengi wao mafundi wa viwanda vya nguo. Watetezi wa wafanyakazi walipekua kifusi wakitafuta lebo, ili wajue nguo zilikuwa zinashonwa kwa ajili ya kampuni zipi. Nikifikiria lebo zile kwenye vumbi, siwezi kulichukulia neno "ufuatiliaji" kuwa ni suala la teknolojia. Ni suala la nani anahesabiwa kuwa yupo.

Lakini kufuatilia nako kuna njia ya kumdhulumu mtu. Kanuni ya Umoja wa Ulaya dhidi ya bidhaa zitokanazo na ukataji wa misitu, kama ilivyopitishwa mwaka 2023, ilitaka mpira au mbao ziambatane na longitudo na latitudo ya shamba zilikotoka; shamba linalozidi hekta 4 lichorwe mpaka wake wote. Utekelezaji umeahirishwa zaidi ya mara moja, ila upimaji haukusubiri. Fikiria mkulima mdogo wa mpira. Anakuja kijana na simu janja, anazunguka mipaka ya shamba, anapiga picha, anaondoka. Ramani inakwenda kwa mnunuzi na mwenye shamba habaki na nakala. Mwakani akitaka kumuuzia mnunuzi mwingine, ama apimwe upya kwa gharama yake, ama auze kwa yule yule kwa bei atakayopangiwa. Taarifa ya shamba lake imegeuka kamba shingoni mwake. Mheshimiwa, kanuni zako ziseme kwa lugha isiyo na mlango wa nyuma: anayepima amwachie mwenye shamba nakala, kwenye simu au kwenye karatasi, na mwenye shamba aruhusiwe kwenda nayo popote. Kwenye barua hii yote, hilo ndilo ninalolililia zaidi.

Mazingira nayo yananufaika pale habari inapotembea kabla ya mzigo. Meli nyingi hukimbia baharini ili ziwahi foleni, kisha hutia nanga nje ya bandari zikisubiri gati. Mwendo ukiongezeka kidogo, mafuta yanayochomwa huongezeka kwa kiasi kikubwa. Bandari ikimwambia nahodha mapema kwamba gati litakuwa wazi Alhamisi, atapunguza mwendo na kufika Alhamisi. Shirika la Kimataifa la Bahari limeshazitaka bandari ziwe na dirisha moja la kidijitali, yaani mahali pamoja pa kupeleka taarifa za meli, tangu Januari 1, 2024, kwa hiyo pa kuanzia papo.

Vifaa visiwe vya gharama kubwa pasipo sababu. Tangu 1996 vichupa vya chanjo ya matone ya polio vimekuwa na kibandiko kinachobadilika rangi chanjo ikikaa kwenye joto kupita kiasi. Hakihitaji betri wala intaneti, na mhudumu yeyote anakielewa kwa kukitazama. Kipimo kama hicho ningekitumia kwa kila kifaa kitakacholetwa mezani kwako: mtu wa mwisho kwenye mnyororo atakielewa?

Jambo la mwisho ni siku ambayo mfumo utagoma, kwa kuwa siku hiyo itafika. Juni 27, 2017 programu haribifu ya NotPetya iliingia kwenye mitandao ya Maersk. Mwenyekiti wake alieleza baadaye kwamba walisimika upya seva 4,000 na kompyuta 45,000 ndani ya siku 10, na kwamba katika siku hizo watu waliendelea kuhudumia sehemu kubwa ya mizigo kwa mkono. Nakala muhimu iliyowasaidia kuujenga upya mtandao ilipatikana katika ofisi ya Ghana, ambako umeme ulikuwa umekatika na mashine ile ikawa nje ya mtandao wakati wa shambulio. Bahati kama ile haiwezi kuwa sera ya nchi. Mkataba wa mfumo wako utaje nakala inayohifadhiwa nje ya mtandao, na utaje siku moja kila mwaka ya kuuzima kwa makusudi, ili makarani wafanye mazoezi ya kutoa mizigo bila mfumo.

Kabla hujatia saini, nakuomba uwatume waandishi wa zabuni wakae wiki nzima kwenye kaunta, kando ya karani anayenakili, wahesabu ni mara ngapi uzito wa mzigo mmoja unaandikwa. Faili la kontena lile ninalo bado, pamoja na rekodi ya kile kifaa kilichowaka nyekundu. Nitalileta ofisini kwako siku yoyote utakayoniita.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Wakala wa forodha