Mheshimiwa Waziri, mwenye kisukari aonyeshwe sahani yake

Kwako Mheshimiwa Waziri wa Afya, Dodoma.

Nakuandikia kwa ajili ya mama yangu na wenzake anaokaa nao benchi siku za kliniki ya kisukari.

Alipogundulika, ushauri wa lishe aliopewa uliisha kabla hajakaa vizuri kitini: acha sukari, acha sembe, kula dona. Akala dona, bonge kubwa lilelile. Uji wa ulezi akanywa vikombe viwili viwili, maana mtaani wanasema hauna sukari. Sukari ya damu haikushuka. Kwa hofu akaacha kula usiku, huku vidonge akimeza kama alivyoandikiwa. Alfajiri moja tulimkuta ameloa jasho, anatetemeka, ananiita kwa jina la marehemu babu. Mashine ya kupima sukari ilisoma 2.6: imeshuka mno.

Ndipo tukampata afisa lishe, hospitali nyingine. Dada yule alimwamkia, akamuuliza, "Mama, jana jioni ulikula nini, na nani alipakua?" Akachukua sahani tupu, akaigawa kwa kidole: nusu mchicha au matembele, robo maharage au dagaa, robo ugali usiozidi ngumi ya mama mwenyewe. Akamweleza kwamba dona na ulezi navyo ni wanga, na kwamba anayemeza vidonge vile haruki mlo. Akamtaka arudi baada ya wiki mbili, kisha kila mwezi. Kipimo cha wastani wa sukari wa miezi mitatu kilikuwa asilimia 10.4. Miezi sita baadaye kikawa 8.1, dawa zilezile.

Wala si bahati ya mama. Chama cha Kisukari cha Marekani kinaeleza kuwa tiba lishe ya mtaalamu inaweza kushusha kipimo hicho hadi kwa pointi 2 kwa wenye kisukari cha aina ya pili.

Mheshimiwa, maafisa lishe wa halmashauri wanapambana na udumavu wa watoto, kazi ninayoiheshimu sana. Naomba kila kliniki ya kisukari nayo ipate wa kwake, mwenye meza na muda wa kusikiliza. Na bima ya afya kwa wote, ambayo sheria yake ilipitishwa 2023, iuhesabu ushauri huo kuwa tiba.

Kumfuata yule dada ni nauli ya mabasi mawili. Jirani yetu, aliyegundulika mwezi uliopita, hana nauli hiyo. Juzi alikuja kuniuliza ale nini, nikamtolea sahani ya mama.

Mtoto wa mgonjwa,
Tanga