Waliofungua linki sio waliosoma, wenye prezentesheni za mtandaoni pimeni vizuri

Ndugu Mhariri, naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lako niongee na hawa ndugu zetu wanaotutengenezea mafunzo ya slaidi mtandaoni, maana siku hizi kila mradi unaoingia Kigoma haukosi prezentesheni, linki inarushwa kwenye magrupu ya WhatsApp, baada ya muda tunaitwa kikaoni tunaambiwa waliotazama ni wengi mno, watu wanapiga makofi, imeisha hiyo.

Mimi nashinda na vikundi vya wakulima wa michikichi huku, na kinachoniuma ni kwamba ile namba inayotajwa ni ya waliofungua tu. Mtu kabonyeza linki, slaidi ya kwanza imejaa nembo, ya pili picha kubwa ya mgeni rasmi, bando linakata kabla hajafika kwenye slaidi inayosema miche ya tenera, ile aina ya kisasa ya mchikichi, ipandwe kwa pembetatu, mita 9 toka mche hadi mche. Naye kahesabiwa kafundishwa. Akirudi shambani anabananisha miche, na mchikichi sio mchicha useme utang'oa upande upya wiki ijayo, huu unakaa miaka mitatu minne ndo uanze kukupa mikungu, kwahiyo kosa la slaidi moja mtu anakuja kuliona wakati ameshapoteza miaka.

Sasa kupima vizuri wala sio gharama. Google Analytics, programu ya kuhesabu wanaoingia kwenye ukurasa wa mtandaoni na wanachofanya humo, ipo tangu 2005 na ni ya bure, asiyeitaka kuna Matomo ya kazi hiyohiyo, unaiweka kwenye seva yako mwenyewe, yani kompyuta inayobeba tovuti yako, na data zinabaki kwako. Ila ifungwe na mtu anayejua anachofanya. Kuna kurasa mpaka leo ukizichungulia unakuta namba ya zamani ya Google Analytics inayoanza na UA-, na toleo hilo la kawaida, la bure, liliacha kupokea data mpya Julai 2023, ya sasa inaanza na G-, yani mtu anaona kabisa analitiki ipo kumbe haihesabu kitu.

Tatizo kubwa lakini liko kwenye slaidi zenyewe. Prezentesheni ya mtandaoni mara nyingi ni ukurasa mmoja, mtu anasogeza slaidi lakini ukurasa ni uleule, kwahiyo analitiki ukiiacha hivohivo inakuambia mtu kaingia mara moja basi, haijui kama kaishia ya 2 au kafika ya 30. Lazima aliyeitengeneza aiambie kila slaidi ikibadilika itume taarifa, na kwa wanaotumia reveal.js, programu ya kutengenezea slaidi za mtandaoni, hiyo ni mistari michache tu ya msimbo kwasababu yenyewe inatoa ishara kila slaidi inapobadilika. Wale wanaotengeneza kwenye Google Slides halafu wanaipachika kwenye tovuti yao wajue analitiki ya tovuti inaona ukurasa, ndani ya lile boksi la slaidi haioni. Na mkituma faili la PDF kwenye grupu hapo ndo msiseme kitu kabisa, likishashuka kwenye simu ya mtu hakuna anayejua limesomwa au limefutwa kupisha picha za harusi.

Kingine ni hii ramani mnayotuonyesha kikaoni. Analitiki inakisia mtu yuko wapi kwa anwani ya IP, yani namba ambayo simu inapewa ikiingia mtandaoni, na simu zetu nyingi za huku zinaonekana ziko Dar es Salaam, mkulima yuko Uvinza kabisa ripoti inamweka Dar. Halafu mtu akasimama akasema Kigoma mwitikio mdogo, jamani! Na aliyebonyeza toka WhatsApp mara nyingi anaandikwa kama kaja moja kwa moja, haijulikani kapatia wapi linki. Dawa yake rahisi sana, kila grupu lipewe linki yake yenye lebo za utm mwishoni, yani maneno mafupi yanayoiambia analitiki linki imetoka wapi, ya Uvinza iandikwe uvinza, ya Kasulu kasulu, ya Buhigwe hivohivo, hapo mtajua nani kafika wapi bila kutegemea ramani.

Halafu huku simu moja inaangaliwa na watu wengi. Unakuta mwenye simu kakaa kwenye benchi, wenzake wamemzunguka, mwingine anasomewa kwasababu herufi ni ndogo, na analitiki inaandika mtu mmoja. Na huyohuyo akifuta historia na data za kivinjari kesho akarudi anahesabiwa mtu mpya. Ndo maana naomba slaidi ya mwisho iwe na vitufe, mnaangalia mko wangapi, mmoja, wawili mpaka watano, zaidi, akibonyeza inatumwa kama zile taarifa nyingine. Haitakuwa kamili ila inakaribia ukweli kuliko sasa hivi.

Nisisahau, kwenye mipangilio ya Google Analytics muda wa kutunza data za uchambuzi wa kina unaanza ukiwa miezi 2, mwisho miezi 14. Ubadilisheni siku ya kwanza, maana zikishafutwa huwezi kulinganisha msimu huu na uliopita.

La mwisho nalisema kwa uzito. Kumpima mtu sio kumfuatilia kwa siri. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, imeanza kutumika Mei 2023, na ipo Tume kabisa ya kuisimamia. Nimeona linki ya mafunzo iliyobeba namba ya simu ya mkulima ndani yake ili ijulikane ni yeye kafungua, na hiyo hata Google wenyewe wanakataza kuingiza kwenye mfumo wao namba ya simu au barua pepe ya mtu. Tunachotaka kujua ni slaidi gani inawashinda watu, sio mzee fulani kaangalia saa ngapi usiku. Andikeni kwenye slaidi ya kwanza, kwa Kiswahili cha kawaida, kwamba tunahesabu watazamaji, tunahesabu nini, na asiyetaka abonyeze hapa na bado aendelee kusoma. Nembo zinaweza kusogea nyuma zikapisha.

Kwahiyo kikao kijacho mkija msilete ile namba moja kubwa. Leteni grafu ya slaidi kwa slaidi, tuone Uvinza wameishia wapi na Kasulu wameishia wapi, na hiyo slaidi wanayoachia watu wengi ipunguzwe picha au iandikwe upya kabla mvua hazijaanza, miche ikiwa bado iko kitaluni.

Msomaji wenu,
Ujiji, Kigoma